Kundali bila hofu: jinsi ya kuikokotoa, kuisoma na kuiwekea mipaka

Katika familia nyingi za Kihindu, iwe Ahmedabad, Nairobi au Dar es Salaam, habari ya posa haifiki mbali kabla mtu hajauliza: kijana alizaliwa saa ngapi, na wapi? Majibu hayo, pamoja na tarehe, ndiyo yanayotengeneza kundali, yaani mchoro wa anga ilivyokuwa dakika ile mtoto alipozaliwa. Siku hizi mchoro huo umetoka nje ya familia hizo. Mtu aliyezoea kusoma nyota yake gazetini anapakua programu ya simu, anajaza tarehe, na papo hapo anaambiwa ana kasoro ya Mangala (sayari ya Mirihi), ndoa yake itayumba, na jiwe la kuondoa kasoro hiyo linauzwa kwenye ukurasa unaofuata.

Mwongozo huu nimemwandikia huyo. Napenda unajimu wa Kihindi kwa hesabu zake na kwa jinsi unavyomfanya mtu akae chini autafakari umri wake. Na kwa kuwa naupenda, siwezi kunyamaza unapogeuzwa fimbo ya kumtishia binti wa watu. Tutakwenda hatua kwa hatua: kwanza hesabu, kisha usomaji, halafu mipaka. Usiruke hesabu, kwa sababu watu wengi wanaoogopa kundali yao wanaogopa mchoro ambao hata si wao.

Asili yake kwa ufupi

Elimu hii huitwa jyotisha, na huhesabiwa miongoni mwa Vedanga 6, elimu zinazoandamana na Veda, vitabu vitakatifu vya Wahindu. Kitabu chake cha kale kabisa, Vedanga Jyotisha, kinachonasibishwa na Lagadha, kinashughulika na kalenda: mwezi, jua, misimu na wakati wa kufanya ibada. Kundali ya mtu binafsi haimo. Unajimu wa nyumba 12 na wa rashi (alama ya nyota) inayochomoza ulikuja baadaye, katika karne za mwanzo baada ya Kristo, ukiwa na mchango mkubwa wa Wagiriki. Kufikia karne ya 6 Varahamihira wa Ujjain alikuwa ameshaupanga vizuri katika Brihat Jataka. Basi mtu akikuambia elimu hii iliteremka nzima tangu mwanzo wa dunia na haihojiwi, jua kwamba hata historia yake yenyewe ni ya watu kujifunza, kuazima na kurekebisha.

Msomaji wa pwani atakutana na majina anayoyajua. Rashi 12 ni zilezile za falaki yetu: Mesha ndiyo Hamali, Vrishabha ni Thauri, Mithuna ni Jauza, Karka ni Saratani, Simha ni Asadi, Kanya ni Sumbula, Tula ni Mizani, Vrischika ni Akarabu, Dhanu ni Kausi, Makara ni Jadi, Kumbha ni Dalu, na Mina ni Hutu. Ila mwenye falaki wa pwani mara nyingi hupata nyota ya mtu kwa hesabu ya abjadi (kila herufi na namba yake) ya jina lake na la mama yake. Kwa Wahindi jina halitoshi. Kinachotakiwa ni saa.

Hatua ya 1: Ipate saa, na uigeuze sawasawa

Cheti cha kuzaliwa mara nyingi hakiandiki saa. Angalia kadi ya kliniki, tangazo la kizazi, au kama inawezekana kumbukumbu za wodi ya wazazi. Ukimuuliza mama au shangazi, usimuulize saa peke yake. Uliza kulikuwa kumeadhiniwa nini, jua lilikuwa limechwa au bado, nani alikuwa ametoka kazini. Majibu ya namna hiyo husaidia kuliko tarakimu iliyokaririwa miaka 40.

Kisha kuna mtego ambao programu za kigeni haziujui. Bibi akisema "saa tatu usiku", programu inataka 21:00. Saa kumi alfajiri ni 04:00, saa saba mchana ni 13:00. Ukiingiza 10:00 badala ya 04:00 umekosea kwa saa 6, na ukiingiza 3:00 badala ya 21:00 ya tarehe hiyohiyo umekosea kwa saa 18. Ndani ya saa 6 rashi inayochomoza husogea takribani hatua 3, na mchoro mzima hugeuka. Tena mzee anayesema "usiku wa Ijumaa" kwa desturi ya Kiislamu huenda anamaanisha usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Linganisha siku ya wiki na tarehe kabla ya kuendelea.

Kwa waliozaliwa enzi za ukoloni kuna jambo jingine. Kenya na Tanganyika hazikutumia siku zote saa 3 mbele ya Greenwich kama sasa. Kuna miaka ambapo saa rasmi ilikuwa saa 2 na dakika 45 mbele. Aliyezaliwa Congo ahakikishe programu haikuchanganya saa za Kinshasa na za Lubumbashi au Goma, maana zinapishana kwa saa nzima. Aliyezaliwa India wakati wa Vita Kuu ya Pili aangalie kama saa ya vita imezingatiwa.

Ukishaipata saa, iandikie na kiwango cha uhakika wake: imeandikwa hospitalini, imekumbukwa ndani ya nusu saa, au inakisiwa tu. Alama hiyo ibaki juu ya karatasi mpaka mwisho, kwa sababu ndiyo itakayokuzuia kusoma kisichosomeka. Lagna, yaani rashi inayochomoza mashariki, hubadilika takribani kila saa 2, na digrii moja hupita kwa kama dakika 4. Mchoro mdogo wa navamsha, unaotumiwa sana kwa mambo ya ndoa, hubadili lagna yake takribani kila dakika 13. Kama saa yako ina shaka ya nusu saa, navamsha iache kabisa, hata kama programu imekuchorea kwa rangi nzuri.

Hatua ya 2: Chagua anga unayopimia

Aliyezaliwa 5 Aprili gazetini ni Hamali. Katika unajimu wa Kihindi Jua lake liko Mina, yaani Hutu. Hakuna aliyekosea kuhesabu. Unajimu wa Magharibi huanzia pale Jua lilipo siku ya mlingano wa Machi (usiku na mchana vinapolingana), wakati Wahindi wanapima kwa nyota zenyewe. Kwa kuwa mhimili wa dunia huyumba polepole, vipimo hivi viwili vinaachana kwa digrii 1 katika kila miaka 72 hivi, na sasa pengo limefika takribani digrii 24. Pengo hilo huitwa ayanamsha. Jua la Kihindi huingia Mesha karibu na 14 Aprili, na Makara karibu na 14 Januari, siku za sikukuu ya Makara Sankranti.

Ukubwa kamili wa pengo una ubishi. Kipimo kinachotumika zaidi ni cha Lahiri, na kamati ya kurekebisha kalenda ya India chini ya mwanafizikia Meghnad Saha iliegemea kipimo hicho katika ripoti yake ya 1955. Kaa na Lahiri, uandike kwamba ndicho ulichotumia. Wapo watu ambao, kundali isipowapendeza, huhamia kipimo kingine mpaka Mwezi uvuke mpaka wa rashi. Huko ni kuchagua majibu.

Kwa kompyuta, Jagannatha Hora ni programu ya bure inayoheshimika. Programu yoyote utakayotumia, hakiki mambo mawili: saa za eneo alikozaliwa mtu, na ayanamsha.

Hatua ya 3: Soma mifupa kabla ya nyama

Ili usianze na hofu ya nafsi yako, anza na kundali ambayo data yake ni ya hadharani: uhuru wa India, 15 Agosti 1947, saa 6 usiku (00:00), Delhi. Wanajimu wengi wa India huitumia, na hakuna faragha ya mtu inayoguswa.

Ukiichora kwa Lahiri, lagna ni Vrishabha. Hiyo ndiyo nyumba ya 1, na zinazofuata huhesabiwa kwa zamu: Mithuna nyumba ya 2, Karka ya 3, hadi Mesha ya 12. (Michoro ya kaskazini mwa India ina umbo la almasi, nyumba hazihami na namba zinaonyesha rashi, ya kusini ni vyumba vya mraba ambamo rashi hazihami. Jifunze mmoja kwanza.) Rahu yumo Vrishabha, juu ya lagna. Mangala, yaani Mirihi, yuko Mithuna. Ndani ya Karka wamejaa watano: Jua, Mwezi, Budha au Utaridi, Shukra au Zuhura, na Shani au Zohali. Guru, ambaye ni Mshtarii, yuko Tula, nyumba ya 6, na Ketu yuko Vrischika, nyumba ya 7. Hao ndio graha 9, yaani sayari kwa hesabu ya unajimu huu. Rahu na Ketu hawana mwili. Ni nukta mbili ambapo njia ya Mwezi inakatana na njia ya Jua, na ndiyo maana wanahusishwa na kupatwa.

Sasa kila nyumba iulize maswali matatu tu. Inahusu nini? Ya 1 ni mwili na nafsi, ya 2 mali na kauli, ya 3 ndugu na ujasiri, ya 4 mama na makazi, ya 5 watoto na akili, ya 6 madeni, maradhi na maadui, ya 7 mwenza, ya 8 umri na yaliyofichika, ya 9 bahati na dini, ya 10 kazi, ya 11 mapato, ya 12 hasara na ugenini. Nani mwenye nyumba? Mangala anamiliki Mesha na Vrischika, Shukra Vrishabha na Tula, Budha Mithuna na Kanya, Mwezi Karka, Jua Simha, Guru Dhanu na Mina, Shani Makara na Kumbha. Na nani anaitazama? Kila graha huitazama nyumba ya 7 kutoka alipo. Mangala huongeza ya 4 na ya 8, Guru ya 5 na ya 9, Shani ya 3 na ya 10.

Fanya hivyo kwa India na utaona mwenye lagna, Shukra, amekaa nyumba ya 3, na ndiye huyohuyo mwenye nyumba ya 6, kwa sababu Tula pia ni yake. Likumbuke hilo, tutalirudia sasa hivi.

Hatua ya 4: Dasha, na jinsi zinavyotudanganya

Njia ya Mwezi imegawanywa nakshatra 27, kila moja digrii 13 na dakika 20. Nakshatra ya Mwezi wa kuzaliwa ndiyo inayoamua mtu anaanza maisha katika kipindi (dasha) cha graha gani. Mzunguko mzima wa dasha hizi, uitwao Vimshottari, ni miaka 120: Ketu 7, Shukra 20, Jua 6, Mwezi 10, Mangala 7, Rahu 18, Guru 16, Shani 19, Budha 17.

Mwezi wa India ulikuwa ndio kwanza umeingia Pushya, nakshatra ya Shani, kwa hiyo miaka kama 18 ya Shani ilikuwa imebaki. Shani anaishia 1965, Budha 1982, Ketu 1989, Shukra 2009, Jua 2015, Mwezi 2025, kisha Mangala anashika. Hapa pia saa ina uzito wake: Mwezi hukata nakshatra moja kwa takribani siku nzima, kwa hiyo kosa la saa 1 kwa aliyezaliwa katika dasha ya Shukra linasogeza tarehe zote kwa kama miezi 10. Kosa la saa 6 za Kiswahili ni miaka 5.

Mwaka 1991, ndani ya kipindi cha Shukra, India iliishiwa fedha za kigeni hadi ikasafirisha dhahabu nje kama rehani, na mwaka huohuo ikaanza mageuzi makubwa ya uchumi. Mnajimu anayetaka kueleza msukosuko atasema Shukra ni mwenye nyumba ya 6, ya madeni. Anayetaka kueleza mageuzi atasema Shukra ni mwenye lagna, amelijenga taifa upya. Wote wamefuata kanuni, wala hakuna aliyedanganya. Lakini mchoro unaoweza kueleza lolote likishatokea haujakuambia lolote kabla halijatokea, na jambo hili ndilo ningependa kila anayefungua kundali alishike kuliko orodha zote za nyumba.

Hatua ya 5: Ipime

Mtaalamu wa sayansi ya anga Jayant Narlikar na wenzake walifanya jaribio Pune na kulichapisha 2009. Walikusanya data za watoto 200, 100 waliofanya vizuri sana shuleni na 100 wenye ulemavu wa akili. Wanajimu waliojitolea walipewa kundali 40 kila mmoja, waseme ipi ni ya kundi lipi. Waliorudisha majibu walikuwa 27, na wastani wa waliyopatia ulikuwa asilimia 46. Taasisi moja ya unajimu ilipewa zote 200 ikapatia 102. Kurusha sarafu kungetoa karibu hivyohivyo. Akili ni ya nyumba ya 5, mojawapo ya mambo ya msingi kabisa, na tofauti kati ya makundi yale haikuwa ndogo.

Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake maelezo ya tabia, kila mmoja akiamini ni yake peke yake. Karatasi zote zilikuwa na maneno yaleyale, mengi yakitoka katika kitabu cha unajimu. Walipoulizwa yanawafaa kiasi gani, wastani ulizidi 4 kati ya 5.

Fanya jaribio kama hilo nyumbani. Andika usomaji wa watu watatu unaowajua, uondoe majina na tarehe, uwape wote watatu karatasi zote, kila mmoja achague yake. Na kila unapotabiri, andika kabla: tukio gani, kati ya tarehe gani na gani, na nini kitahesabika kuwa halijatokea. Weka daftari. Ninajua wasomaji wa kundali wanaochukia zoezi hili; ningewaamini zaidi kama wangelifanya.

Hatua ya 6: Mahali ambapo kundali haiingii

Ndoa. Kasoro ya Mangala huhesabiwa akiwa nyumba ya 1, 4, 7, 8 au 12 kutoka lagna. Hizo ni 5 kati ya 12, maana yake watu kama 4 katika kila 10. Wengine huongeza nyumba ya 2, sasa ni nusu ya watu wote. Wengine hupima zile 5 kutoka kwa Mwezi pia, na hapo huwa karibu theluthi mbili. India yenyewe, yenye Mangala nyumba ya 2, ina kasoro kwa mwalimu mmoja na haina kwa mwingine. Kwa hesabu hizi kuna mabinti waliokataliwa, na wengine waliofungishwa ndoa na mtungi au mti kwanza ili balaa iishie huko. Ukisikia jina hilo likitajwa kwenye posa, fanya hesabu hii mbele ya wazazi, kwa upole na kwa heshima, kalamu mkononi.

Alama za ulinganifu nazo, 36 zikiwa kamili na 18 zikihesabiwa kufaulu, hutokana na nakshatra na rashi za Mwezi za wawili hao tu. Alama 8 ni za Nadi, na wakikosa hizo huambiwa watoto watakuwa wagonjwa. Kama afya ya watoto ndiyo hofu, na ni hofu ya haki, kipimo cha selimundu hospitalini kwa wote wawili kinajibu swali la kweli. Mengine waulizane: madeni, watoto, dini, nani atawatunza wazee.

Maradhi na umri. Usimtabirie mtu kifo, wala usimruhusu mtu akutabirie. Hakuna dasha inayoahirisha upasuaji au kusimamisha dawa za kisukari, presha au VVU.

Fedha. Nilam (yakuti ya buluu) ya Shani, zumaridi ya Budha, marijani ya Mangala: vaa ukipenda uzuri wake. Anayeitambua kasoro na kuiuza dawa yake ni mtu mmoja, na maslahi yake yako wazi. Ni biashara ileile ya mabango ya kusafisha nyota. Sade sati, miaka 7 na nusu ambayo Shani hupita rashi ya Mwezi wako na zile mbili za pembeni, wakati wowote huwa imewashukia watu wenye rashi 3 kati ya 12, robo ya dunia. Ukipigiwa simu kuambiwa imekukalia wewe mahususi, kata.

Watoto. Mtoto asisomewe tabia wala masomo. Mtoto akishaambiwa Budha wake ni dhaifu, hesabu ataziacha mwenyewe.

Hatua ya 7: Ukiombwa kumsomea mtu

Muulize kwanza ana swali gani, na kuna uamuzi gani mbele yake. Kama amekuja na jambo la kupigwa nyumbani, kutaka kujiua, ugonjwa au kesi, funga mchoro, umsindikize kwa anayeweza kumsaidia. Usisome kundali ya mume, mkwe au mfanyakazi ambaye hajaridhia.

Ukisoma, sema kwa lugha ya jadi na uitaje hivyo: "katika jyotisha kipindi hiki huhusishwa na kazi na uzito wa majukumu." Halafu mrudishie: "kwako majukumu yako yakoje sasa?" Hapo ndipo nimeona kundali ikifaa, pale mtu anapopata nafasi ya kusema lililomkaa moyoni. Asiondoke na tarehe ya kuogopa, wala na ahadi kwamba jambo litajipa bila yeye kusogea.

Tarehe, mahali pa kuzaliwa na jina la mama ni taarifa ambazo matapeli huzitumia kujifanya wewe kwenye simu na benki. Zisitumwe kwenye kundi la WhatsApp, zisijazwe kwenye tovuti usiyoijua, na kama ulizihifadhi kwa ajili ya kumsomea mtu, zifute mkimaliza, umwambie umezifuta.